Weusi wa Piko na Ngozi za Mabinti Zetu

Kila ukaribiapo mwezi wa Shaaban, harusi zikaanza kufuatana wiki hata wiki, kuna suali moja ambalo halikosi kutufikia. Mara huletwa na mama baada ya darasa ya wanawake, mara hutumwa kijana na karatasi iliyokunjwa: je, piko inazuia maji ya udhu? Nasi jawabu tulikuwa nalo tayari. Rangi iliyoingia ngozini isiyokuwa na mwili haizuii maji. Kinachozuia ni tabaka lenye kubanduka, na mwenye tabaka na aliondoe kwanza. Tukisha kujibu hivyo tuliona kazi yetu imekwisha, na bibi harusi akenda zake na mikono yake myeusi.

Miaka mingi tuliulizwa juu ya maji yanayopita juu ya ngozi. Hakuna aliyetuuliza, wala sisi hatukujiuliza, juu ya kile kinachopita ndani yake.

Leo tunataka kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo, na tutaanza na nyumba yetu wenyewe, kwani si adabu kumtaja mtoto wa mwenzio na wako ukamficha. Mwenyewe ametupa ruhusa.

Binti yetu alikuwa na umri wa miaka tisa alipochorwa piko kwa mara ya kwanza, mkesha wa Idd, pamoja na watoto wenzake wa mtaa. Maua yalipanda kutoka vidoleni hadi kiwikoni, meusi ti, na yalikauka kabla ya sala ya Isha. Siku kumi zilipita salama. Kisha akaanza kujikuna usiku, na asubuhi tukaona maua yale yameinuka juu ya ngozi, kila jani na kila kikonyo, kama nakshi iliyoshonwa kwa uzi mnene. Siku ya pili yakatoka malengelenge yenye maji. Bibi yake akasema ni jicho la watu, kwa kuwa mtoto alisifiwa mno siku ya Idd. Tukamsomea, na mama yake akampaka dawa ya meno ili kutuliza moto. Baada ya wiki tatu hivi mkono ukakauka, lakini maua hayakuondoka: yalibaki kwa rangi nyeupe, kama kivuli kilichogeuzwa, kwa muda wa miezi kadhaa. Tulimshukuru Mola, tukasahau.

Miaka kumi na mmoja ilipita. Siku nne kabla ya harusi yake, binti yule yule alipelekwa kwa msusi akatiwa rangi nyeusi nywele zote. Asubuhi yake masikio yalikuwa mekundu na kipaji kikimuwasha. Kesho yake macho yalikuwa hayafunguki kwa uvimbe, na maji yakimchirizika kutoka kwenye mstari wa nywele hadi shingoni. Tulimkimbiza hospitali. Wakati huo huo shangazi wa bwana harusi alifika kumjulia hali, akamtazama, akatoka nje na kuuliza kwa sauti ya chini kama katika ukoo wetu kuna maradhi ya ngozi ambayo hayakusemwa wakati wa posa. Hatumlaumu. Tungekuwa sisi, pengine tungeuliza vivyo hivyo.

Tabibu aliyempokea hakuuliza juu ya ukoo. Aliuliza suali moja: je, alipokuwa mdogo, alipata kuchorwa piko ikamdhuru? Tulikuwa tumesimama kando ya kitanda, na ilichukua muda kabla hatujaweza kujibu.

Ndipo tulipoanza kusoma na kuuliza, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Hina yenyewe ni jani. Likikaushwa, likasagwa na kukorogwa kwa ndimu au chai iliyokolea, hutoa rangi iitwayo lausoni, ambayo hushikamana na tabaka la juu la ngozi lililokwisha kufa. Huanza na rangi ya machungwa, ikazidi kukolea kwa siku moja au mbili mpaka ikawa nyekundu ya kahawia. Mama zetu walijua kwamba kazi hii yataka usiku mzima na mikono iliyofungwa vitambaa. Lakini jani hili, upende usipende, halitoi weusi. Anayekuuzia hina nyeusi amekuuzia kitu kingine pamoja nayo, au kitu kingine badala yake.

Kitu hicho mara nyingi ni rangi ya nywele. Piko ya kwetu ni unga uliotengenezwa kwa ajili ya kichwa, na ndani yake muna kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo matabibu huifupisha kwa herufi PPD. Ilijulikana tangu karne ya kumi na tisa, na kufikia mwaka 1883 hati ya kuitumia kama rangi ilikuwa imekwisha kutolewa Paris. Yenyewe haina weusi wowote. Weusi huja inapokutana na dawa ya kuigeuza, ile inayochanganywa wakati wa kutia nywele, na ikisha kugeuka yote huwa madhara yake ni machache. Hatari iko katika ile ambayo haijageuka. Mchoraji anayekoroga unga kwa maji matupu na kuupaka mkononi, akaacha hewa ifanye kazi hiyo polepole, anaiacha kemikali mbichi ikae juu ya ngozi kwa muda mrefu, kwenye ngozi laini ya mtoto.

Tena kuna suala la kipimo. Sheria za nchi za Ulaya zinaruhusu PPD katika rangi ya nywele isizidi asilimia 2 wakati inapopakwa, na haziruhusu kabisa ipakwe ngozini kwa kujipamba. Watafiti waliopima mchoro mmoja wa hina nyeusi, katika taarifa iliyochapishwa mwaka 2002, walikuta asilimia 15.7. Kwetu hakuna anayepima. Kijiko ni cha chai, na kila mchoraji ana mkono wake.

Sasa, kwa nini mtoto alipakwa leo akaumia baada ya siku kumi, na alipopakwa tena baada ya miaka kumi na mmoja akaumia kwa siku moja? Hapa ndipo penye ajabu ya uumbaji, nasi tunaomba msomaji atuvumilie.

Mwaka 1868 kijana mmoja mwanafunzi wa udaktari huko Berlin, jina lake Paul Langerhans, alitia rangi kipande cha ngozi ya binadamu akakitazama kwa darubini. Aliona chembe zenye mikono mingi kama pweza, akadhani ni mishipa ya fahamu. Ilichukua miaka mia moja na zaidi kufahamika kwamba zile ni walinzi. Kazi yao ni kukamata kila kigeni kinachopenya ngozini na kukipeleka kwenye matezi, na huko askari wa mwili hufundishwa sura yake. PPD ni kitu kidogo mno, chapenya upesi na kushikamana na protini za mwili. Mafunzo hayo huchukua siku kumi hadi wiki mbili. Ndiyo maana mtoto hucheza siku zote hizo kama hana neno, na mzazi akija kuona malengelenge huwa ameshatafuta sababu nyingine: samaki aliyeliwa, maji ya bahari, au jicho la jirani.

Na askari akisha kufundishwa hasahau. Mwaka 1942 Karl Landsteiner na Merrill Chase walionyesha jambo hilo kwa wanyama wadogo wa maabara: walichukua chembe nyeupe za mnyama aliyekwisha kupata mzio wa ngozi, wakazitia kwa mnyama mwingine ambaye hajapata kuguswa na dawa ile, na huyo wa pili naye akawa nao. Kumbukumbu ilihama pamoja na chembe. Binti yetu alikuwa amebeba kumbukumbu ya mkesha ule wa Idd katika damu yake tangu akiwa darasa la tatu, nasi tukaenda tukammwagia kichwani kitu kile kile.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 2006 matabibu wa Denmark walieleza habari za watoto 8 wa umri wa miaka 12 hadi 15 waliopata uvimbe mkali baada ya kutia rangi nywele. Baadhi yao walilazwa hospitali, na miongoni mwa waliodhurika mulikuwa na watoto ambao zamani walichorwa hina nyeusi ikawaumiza. Huko Denmark hakuna Shaaban wala usiku wa hina. Mchoro wameupata matembezini, katika nchi za jua, kwa mchoraji wa pwani. Ajabu ni kwamba wao waliokopa ada yetu ndio walioandika madhara yake, nasi wenye ada tumekaa kimya.

Jambo moja lilitusumbua sana katika kusoma kwetu. Tabibu mashuhuri wa Marekani, Albert Kligman, mwaka 1966 alichapisha taarifa ya jaribio la kupima nguvu za vitu vinavyoleta mzio. Ngozi ilichokozwa kwanza kwa sabuni kali, kisha ikapakwa PPD ya asilimia 10 mara kwa mara. Watu 24 walipakwa, na wote 24 walipata mzio. Hakusalia hata mmoja. Lakini tabibu huyu ni yule yule ambaye kwa miaka mingi, tangu 1951 hadi 1974, aliendesha majaribio ya ngozi kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg huko Philadelphia, wengi wao watu weusi, waliolipwa vijisenti na kuelezwa machache. Mwaka 2022 mji wa Philadelphia uliomba radhi rasmi kwa mambo yaliyofanyika gerezani humo. Wenye elimu wanabishana mpaka leo kama ni halali kutumia maarifa yaliyochumwa kwa njia hiyo. Sisi twaona hivi: wafungwa wale hawakuulizwa vilivyo, na ngozi zao zimekwisha kulipa. Nasi tunawalipa mabinti zetu kwa mkono wetu, ili wafanyiwe bila kuulizwa jambo ambalo lilihitaji gereza ili lifanyike.

Tusifanye hofu, hata hivyo, iwe kubwa kuliko jambo lenyewe. Jaribio lile lilikuwa kali kupita kiasi, na wengi wanaochorwa piko mara moja hawapati chochote. Katika kliniki za Ulaya, miongoni mwa wagonjwa wa ukurutu wanaopimwa, kiasi cha 4 katika kila 100 hukutwa na mzio wa PPD. Wachache, basi. Shida ni kwamba hakuna anayeweza kumtazama mtoto usoni akajua kama ni katika hao wanne, na anayeingia humo hatoki: mzio huu kwa kawaida hukaa na mtu maisha yake yote. Tena hauji peke yake. Mwenye kudhurika na PPD aweza kudhurika na baadhi ya dawa za ganzi za kupaka, na baadhi ya rangi nyeusi za vitambaa, na vifaa vingine vya mpira mweusi. Mama mmoja alitusimulia kwamba buibui jipya humuwasha makwapani mpaka lifuliwe mara kadhaa, akadhani ni jasho. Tulimuuliza kama alichorwa piko harusini. Alicheka, akakunja mkono wa nguo, akatuonyesha kovu lenye umbo la ua.

Kipimo cha kuujua mzio kipo, na si kipya. Josef Jadassohn alikieleza mwaka 1895, alipoona mgonjwa aliyebabuka kwa dawa ya zebaki, akamwekea kidogo ya dawa ile mahali pengine pa ngozi ili aone kama patababuka vile vile. Hata leo hufanywa hivyo: PPD ya asilimia 1 iliyochanganywa na vaselini hubandikwa mgongoni, huondolewa baada ya siku mbili, na mahali pale husomwa tena baada ya siku nne hivi. Ni kazi ya daktari wa ngozi. Asiijaribu mtu nyumbani, khasa aliyekwisha kuvimba.

Hapo tumesema juu ya piko. Hina nyekundu nayo, ambayo tunaipenda na tutaendelea kuipenda, ina mlango mmoja wa hatari ambao wazazi wengi hawaujui, nao ni kwa watoto wachanga. Kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD katika chembe nyekundu za damu. Upungufu huu ni wa kurithi, huwapata zaidi watoto wa kiume, na ni wa kawaida katika nchi zenye malaria, pwani yetu ikiwemo. Mtu aweza kuishi nao asijue. Lakini lausoni ya hina, ikipenya ngozi nyembamba ya mtoto mchanga, huweza kuzivunja chembe hizo. Mtoto akageuka manjano, akapungukiwa damu, akahitaji kuongezewa. Matukio ya namna hii yameandikwa katika majarida ya udaktari tangu miaka ya 1990, mengi yakitoka katika jamii ambazo humpaka mtoto hina ya baraka siku za mwanzo, kama tufanyavyo baadhi yetu siku ya arubaini au kabla yake. Na kwa watoto wa namna hiyo hiyo, vidonge vyeupe vyenye harufu kali tunavyovitia kabatini kufukuzia wadudu ni hatari pia, mtoto anapovishwa nguo zilizohifadhiwa navyo. Hina ya mtoto mchanga na ingoje. Hakuna aliyeamrishwa kuipaka.

Kuna jambo zito zaidi, na tutalipita kwa haraka kwa sababu si la ngozi. Huko Khartoum, ambako wanawake huchanganya hina na PPD ili ikolee, matabibu walichapisha mwaka 1992 habari za watoto 31 waliopatwa na sumu yake: nyuso na makoo yalivimba, 15 wakahitaji kutobolewa koo ili wapumue, na 13 walifariki, wote ndani ya saa ishirini na nne. Sumu hiyo ikimezwa huenda kooni na kwenye figo. Kopo la piko katika nyumba yenye watoto lawekwa pale pale panapowekwa mafuta ya taa: juu, na kwa kufungwa.

Wachoraji wetu wasidhani tunawatupia mawe. Wengi ni wajane na mabinti wanaosomesha wadogo zao kwa mkono huu, na wengine vidole vyao wenyewe vimepasuka na kuwasha mwaka mzima bila kujua kwa nini. Wanachora weusi kwa sababu sisi tunautaka. Picha ya harusi yataka weusi, bibi harusi yuko na saluni saa nne na ukumbi saa kumi, na mama mtu hana tena usiku wa kukesha na ndimu. Tuliwahi kumuuliza mmoja kwa nini hachori hina halisi. Alitujibu: "Sheikh, hina yataka subira, na wateja wangu subira wameimaliza kwa fundi nguo."

Kwa anayetaka kuijua piko kabla haijamgusa mwanawe, dalili zi wazi. Ikiwa ni nyeusi tangu ilipowekwa, na mchoraji akakwambia ioshwe baada ya nusu saa au saa moja, hiyo si jani. Ikiwa yanuka dawa ya saluni badala ya majani, hiyo si jani. Ombeni kopo au pakiti, msome kilichoandikwa. Na ikiwa mtoto amekwisha kuchorwa na ngozi ikaanza kuinuka, ioshwe kwa maji na sabuni laini, malengelenge yasipasuliwe, dawa ya meno na majivu yakae mbali, na apelekwe kwa tabibu ampe mafuta ya kutuliza uvimbe, kwani kuwahi hupunguza kovu. Uso ukivimba au pumzi ikibana, ni hospitali saa hiyo hiyo. Kumsomea mtoto ni jambo jema, nasi tunamsomea mpaka leo, lakini anasomewa ndani ya gari.

Na aliyewahi kudhurika hata mara moja, hata kama ilikuwa utotoni, amwambie msusi, amwambie tabibu, na apande wa posa waambiwe pia ili wasije wakadhani mengine. Kuhusu rangi nyeusi ya nywele wanazuoni wana maneno yao, na tumeshayaeleza katika darasa; leo hatuyarudii.

Harusi ya binti yetu iliahirishwa wiki mbili. Shangazi wa bwana harusi tuliketi naye, tukamwonyesha karatasi ya daktari, tukamweleza habari za mkesha ule wa Idd na dawa ya meno, na hilo la mwisho lilimchekesha hata kilemba kikamkaa vibaya. Ndiye aliyekuja na majani. Aliyachuma kwa jirani yake, akayakausha barazani, akayatwanga mwenyewe. Usiku ule somo alimfunga bibi harusi mikono kwa vitambaa vya kanga kuukuu, na asubuhi ilikuwa ya rangi ya machungwa, ikatutia wasiwasi. Kufikia jioni ya pili ilikuwa nyekundu kama kahawa ya mkahawani.

Suali la udhu bado latujia kila Shaaban, nasi bado twalijibu. Ila sasa, kabla ya kujibu, huuliza sisi kwanza: piko hiyo imetoka katika kopo gani, na mwenye mikono ana miaka mingapi?